Makumbi ya Pwani, Maganda ya Moi's Bridge

Ile nazi mnayoiona sokoni Kitale, wanangu, imefika huku ikiwa imevuliwa nguo. Huko ilikotoka, Kilifi au Kwale, ilikuwa imevaa vazi nene la nyuzi, na vazi hilo jina lake ni kumbi. Mfua nazi alisimama mbele ya kifuo, yaani mti imara uliochongwa ncha na kuchimbiwa ardhini, akaipiga nazi juu ya ile ncha, akaibinya upande, kumbi likapasuka. Akaigeuza, akapiga tena. Baada ya mapigo machache makumbi yakawa chini na nazi mkononi, imebaki na kishungi kidogo tu kichwani. Nazi ikaingia kwenye gunia, gunia likapanda lori, lori likapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, likapita Soy na Matunda, likavuka Moi's Bridge. Makumbi yakabaki pwani.

Nawaeleza haya kwa sababu wako watoto wa huku wanaopewa kazi ya shule: tengeneza kitu cha kutumia nyumbani kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yako. Mtoto anafungua kitabu, anaona picha ya mkeka mdogo wa mlangoni uliofumwa kwa makumbi ya nazi, moyo wake unaupenda. Anamwendea mama: nataka makumbi. Mama anakwenda sokoni, anazunguka vibanda vyote, anarudi na nazi mbili zilizokwisha kufuliwa. Na wakati huohuo nyuma ya nyumba kuna rundo la maganda ya mahindi linalokaribia dirisha, na kesho litachomwa moto.

Mnazi haukubali huku kwetu. Unataka joto la pwani, mchanga na hewa ya bahari; Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Julai tunalala na blanketi mbili. Lakini mwenye mnazi na mwenye shamba la mahindi wamepewa riziki inayofanana: mmea unaozaa chakula ndani ya ganda, na ganda lenyewe lina nyuzi. Watu wa pwani wamelijua ganda lao tangu enzi na enzi. Sisi letu bado tunalikanyaga. Kwa hiyo leo nitawapeleka pwani kwanza, tukawatazame wanaojua, kisha turudi tuketi na maganda yetu.

Kisiwani Unguja, upande wa mashariki, kuna vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani. Maji yakikupwa, ufuo unakuwa mpana hata mawimbi unayaona kwa mbali sana. Hapo ndipo wanawake wanaposhuka na makumbi yao. Huchimba mashimo kwenye mchanga wenye matope, huyajaza makumbi, huyafukia na kuweka mawe juu, na kila mama hulijua shimo lake kwa mawe yake. Kisha huondoka. Bahari inajaa, inakupwa, inajaa, inakupwa, na miezi inapita.

Mkidhani shimo limelala, kuna kazi kubwa inaendelea mle ndani. Kumbi limejengwa kwa vitu viwili: nyuzi ngumu, na ungaunga laini unaozishikamanisha. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula vile vinavyolainika na kuziacha nyuzi, kwa maana nyuzi zina kitu kiitwacho lignini, kile kinachoufanya mti kuwa mgumu, na lignini huvishinda vijidudu hivyo kwa muda mrefu. Miezi kadhaa ikiisha wanawake hurudi, hufukua makumbi yaliyogeuka meusi na yenye harufu kali (sitawaficha, inanuka kweli), huyaponda kwa gongo, huyasuuza kwa maji ya bahari, huyaanika juani. Kinachobaki ni usumba, nyuzi safi za rangi ya dhahabu. Mama huchukua mafungu mawili ya usumba, huyasokota kwa viganja, huongeza, husokota, huongeza, na kamba inarefuka mbele yake.

Kamba hiyo ndiyo iliyofumia vitanda na kufungia makuti juu ya paa. Na zamani ndiyo iliyoshonea majahazi. Ndiyo, kushona. Visiwani Lamu kulikuwa na chombo kiitwacho mtepe, ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma. Zilitobolewa matundu na kushonwa ubao kwa ubao kwa kamba ya usumba. Na si jambo la juzi: baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, katika kitabu cha safari kiitwacho Periplus, alivitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki.

Mbona kamba ya usumba ilidumu baharini? Kwa sababu ya ile lignini. Usumba unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, hauozi upesi. Hebu lishikeni jambo hili vizuri, maana ndilo lililonifanya niwalete huku: mafundi wa pwani walianza kwa kulijua kumbi lenyewe. Linalainika lini? Linachukia nini? Linavumilia nini? Walipokwisha kulijua, kumbi lenyewe likawaonyesha kazi inayolifaa. Nasi tukitaka kufanya kazi nzuri, hatuna budi kuliuliza ganda la mahindi maswali hayohayo.

Haya, turudi nyumbani.

Mto Nzoia, unaokusanya maji kutoka milima ya Cherangani na Elgon na kuyapeleka Ziwa Victoria, ndio uliozaa mji wetu wa Moi's Bridge. Mwanzoni mwa karne ya 20 mlowezi na mwindaji aliyeitwa Arthur Cecil Hoey alijenga daraja juu ya mto huu, na kwa miaka mingi mji ukaitwa Hoey's Bridge, kabla ya kuchukua jina la Moi. Tawi la reli la kwenda Kitale likapita hapa na kufika huko mwaka 1926, mahindi yakapata njia ya kwenda mbali. Mwaka 1956 kampuni ya Kenya Seed ikaanzishwa Kitale, na 1964 mbegu chotara za kwanza zikawafikia wakulima. Ndiyo maana leo mji mdogo kama huu una maghala makubwa ya Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, na wakati wa mavuno malori yanapanga foleni barabarani, na mahindi yanaanikwa juu ya maturubai kila palipo na uwazi.

Mahindi yenyewe ni mgeni barani kwetu. Kwao ni Mexico, ambako watu walianza kuyakuza kutokana na nyasi ya porini yapata miaka 9,000 iliyopita. Wareno waliyaleta Afrika baada ya Columbus kufika Amerika. Na kule yalikotoka, ganda halitupwi ovyo. Wamexico hufunga unga wa mahindi uliokandwa ndani ya ganda na kuupika kwa mvuke. Chakula hicho ni tamales. Kaskazini zaidi, watu wa mataifa ya Haudenosaunee, ambao wazungu waliwaita Iroquois, tangu zamani wamesuka mikeka, viatu na wanasesere kwa maganda ya mahindi. Kwa hiyo hatuanzi jambo la ajabu. Tunachelewa tu kulianza.

Sasa chukua hindi moja bichi ulitazame kabla hujalivua. Zile nywele zinazotokeza nchani, kila unywele umeunganishwa na punje moja, mmoja kwa moja. Chavua hudondoka kutoka kwenye ua lililo juu ya mmea, ikatua kwenye unywele, ikaotesha mrija mwembamba unaoshuka ndani yake hadi pale punje inapoanza. Unywele uliokosa chavua, punje yake haitokei, ndiyo sababu mara nyingine unakuta hindi lina mapengo. Hesabu pia mistari ya punje kuzunguka gunzi: 12, 14, 16. Karibu kila mara utapata shufwa. Jaribuni na ndugu zenu, mbishane, mhesabu tena.

Halafu vua maganda polepole, moja baada ya jingine. La nje kabisa ni gumu, lina mikwaruzo; mvua, jua na wadudu vimelipitia. Ya katikati ni marefu, yananyooka, mishipa yake imesimama wima kutoka kitakoni hadi nchani. Ya ndani kabisa ni membamba na meupe. Ganda moja la hindi kwa hiyo si kitu kimoja, na fundi hayachanganyi. Ya nje mpe ng'ombe. Ya katikati ndiyo ya kusuka. Ya ndani weka kwa kazi za mapambo, maana hupokea rangi na hukunjika bila kulalamika.

Huku kwetu tunapanda Machi na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Mabua hukatwa na kusimamishwa kwa matita shambani hadi yakauke, kisha watu hulizunguka tita na kumenya, hadithi zikienda na mikono ikienda. Kusanya maganda yako hapohapo, siku hiyohiyo. Ukingoja wiki mbili, mvua ya Novemba italilowesha rundo na kazi itakuwa imeharibika kabla ya kuanza.

Hapa nataka mnisikilize kwa makini, hata wale mnaocheza huko nyuma. Ganda lenye madoa meusi, ya kijani au ya waridi, au lenye vumbivumbi na harufu ya uvundo, usilitumie. Huo ni ukungu. Uko ukungu wa mahindi unaotoa sumu iitwayo aflatoksini, na mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Wewe huli ganda, ni kweli. Lakini utalishika saa nzima, utalipasua karibu na pua, na ukimaliza utaliweka mezani pa chakula. Lenye ukungu lizikwe. Na mikono ioshwe kwa sabuni.

Ganda kavu ukilikunja, linavunjika. Hilo ni jibu la swali la kwanza, linalainika lini: linalainika likinywa maji. Wenzetu wa Jambiani hungoja miezi. Sisi hungoja dakika. Mimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yazamishe maganda kwa dakika kumi hivi, yatoe, yakung'ute, yafunge ndani ya kitambaa chenye unyevu. Toa ganda moja moja unapolihitaji. Usiyaache majini usiku kucha. Asubuhi utayakuta yanateleza na yameanza kuchacha, kwa maana ganda la mahindi halina lignini nyingi kama usumba. Na hilo ni jibu la swali la pili: linachukia kukaa majini. Kwa hiyo usilitengenezee kamba ya ndoo ya kisimani wala mkeka wa bafuni. Linachovumilia ni ukavu, na hilo ni jibu la swali la tatu: litengenezee vitu vya mahali pakavu, nalo litakukalia miaka.

Tuanze na kikalio cha sufuria, kile cha kuwekea sufuria ya ugali ikitoka motoni, meza isiungue. Nakichagua hiki kwa sababu kinafundisha karibu kila kitu, na kwa sababu mama atakitumia siku hiyohiyo.

Unahitaji maganda ya katikati, mkasi, uzi wa katani na sindano ya gunia. Sindano hiyo haikosekani katika nyumba ya mkulima wa Moi's Bridge. Iko juu ya mlango au imechomekwa ukutani, ikingoja magunia. Muombe mkubwa kabla ya kuichukua, na ukimaliza irudishe palepale, maana ikianguka majanini itamchoma mtu mguu.

Kata kile kitako kigumu cha ganda. Kisha toboa kwa ncha ya sindano na uvute. Ganda litapasuka lenyewe kufuata mishipa yake, mstari umenyooka kuliko ambavyo mkasi ungeukata. Pata vipande vyenye upana wa vidole viwili. Funga vipande vitatu pamoja nchani kwa uzi, vitundike kwenye msumari wa kibaraza au uvibane kwa kidole gumba cha mguu kama wasusi wa ukili wa mikeka, na usuke msuko wa nywele mnaoujua wote: wa kulia uje katikati, wa kushoto uje katikati. Kila kipande kisokote kidogo kabla ya kukivusha, upande laini uwe nje na kingo zijifiche ndani. Kipande kikikaribia kwisha, kikibaki urefu wa kidole, lalisha kipya juu yake na uendelee kusuka vyote viwili hadi kile cha zamani kiishe. Angalia tu vipande viwili visiishie mahali pamoja. Hapo ndipo msuko hukatika, na wote wanaoharakisha hukatikiwa hapo.

Msuko wa kwanza wa kila mtu huwa mnene huku na mwembamba kule. Endelea. Baada ya mita moja mikono yenyewe huanza kujua.

Utasuka kiasi gani? Hapa hesabu ya darasani inafanya kazi. Msuko wenye upana wa sentimita moja na nusu na urefu wa mita tatu una eneo la sentimita mraba 450. Ukiuzungusha uwe duara, unapata kikalio chenye kipenyo cha sentimita 24 hivi, kinachotosha sufuria ya familia. Mkubwa wenu aliye darasa la juu awaonyeshe wadogo kwa kanuni ya eneo la duara. Ni nafasi nzuri ya kuona kwamba ile kanuni haikutungwa kwa ajili ya mtihani.

Ukishasuka, usishone mara moja. Ganda lenye maji limevimba. Likikauka litanywea, na kilichoshonwa kikiwa kimevimba kitalegea. Uanike msuko kivulini mpaka kesho. Kesho uguse kwa mkono wenye maji, ulainike kidogo, kisha uzungushe kuanzia katikati, msuko umelala mezani, na kila ukimaliza mzunguko ushone ukingo kwa ukingo. Sindano ipite ndani ya msuko, isipite juu, uzi usionekane. Na usivute mno. Ukivuta mno, kingo huinuka na kikalio huanza kuwa bakuli. Wengine hukasirika wakiona hivyo, kumbe wamekwisha kupata siri ya kapu: anayetaka kapu huvuta makusudi, mzunguko kwa mzunguko, mpaka ukuta usimame. Kikalio kikikamilika, kilaze chini ya jiwe bapa au vitabu vizito usiku mmoja.

Kitunze. Kisiguse mwali wa jiko, maana ganda hushika moto upesi sana. Kikichafuka, kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na ukianike. Kisizamishwe kwenye beseni la vyombo.

Nimekaa sana kwenye kikalio, na sijutii. Mwenye kuujua msuko mmoja na mshono mmoja amepata pia mkeka wa mlangoni kwa ndani, kapu la vitunguu, mfuko wa mkononi, na ngata ya kubebea mzigo kichwani. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya, na tangu siku hiyo kila anayekwenda soko la Moi's Bridge anahitaji kitu cha kubebea. Vikapu vingi tunavyoviona vimesukwa kwa nyuzi za plastiki. Vinadumu, sikatai, lakini vikichakaa vinakwenda mtoni, na Nzoia inavibeba hadi ziwani. Kapu la maganda likichakaa analila ng'ombe.

Mkitaka rangi, chemsheni maganda ya nje ya vitunguu kwa nusu saa pamoja na mtu mzima, mzamishe maganda meupe ya ndani ya hindi, yatatoka na rangi ya manjano iliyoiva. Majani ya chai hutoa kahawia. Mimi binafsi hupenda rangi ya ganda lenyewe, ile ya maziwa yaliyochanganywa na jua la Desemba, wala sioni sababu ya kuificha.

Sasa wanasesere. Sihitaji kuwafundisha wanasesere wa hindi bichi; kizazi baada ya kizazi watoto wa huku wamechukua hindi changa, wakasuka nywele zake, wakalifunga leso na kulibeba mgongoni, mpaka mama akauliza nani amechuma mahindi kabla ya wakati. Huyu wa maganda ana faida kwamba hachumwi na hanyauki. Chukua maganda sita ya ndani yaliyolainika, yafunge pamoja upande mmoja, yageuze yafunike lile fundo, ufunge shingo: kichwa tayari. Suka msuko mwembamba wa urefu wa kiganja, upitishe katikati ya maganda chini ya shingo: mikono tayari. Funga kiuno. Maganda yaliyobaki chini ni sketi, au uyagawe mawili na kuyafunga vifundoni yawe suruali. Nywele ni zilezile za hindi, zikiwa zimekauka. Wahaudenosaunee kwa desturi hawamchori uso mwanasesere wao. Wewe mchore au umwache. Hata hivyo, asiye na uso anaweza leo kucheka na kesho kulia, unavyotaka wewe.

Magunzi nayo? Mashine ya kupukuchua inayatema upande mmoja na punje upande mwingine, rundo linapanda kama kichuguu. Mengi yatakwenda jikoni kuwa kuni, na ni kuni nzuri. Lakini gunzi moja lililonyooka, likichongwa kidogo, ni kizibo cha kibuyu au cha chupa ambacho wazee walikitumia kabla ya vifuniko vya plastiki. Nusu ya gunzi pamoja na jivu husugua sufuria iliyoungua. Na ukimwomba mtu mzima ayakate kwa msumeno vipande vya unene wa kidole, unaweza kuvitunga kwenye uzi wa katani, ukavibana duara kwa duara, ukapata kikalio cha namna nyingine, kizito, chenye maua ndani ya kila kipande ambayo hukuyachora wewe.

Na zile nazi mbili za mama zisipotee bure. Zikishakunwa, vinabaki vifuu, na pwani kifuu hutiwa mpini wa mti kikawa upawa wa kupakulia mchuzi au kata ya kuchotea maji mtungini. Kisugue kwa msasa nje mpaka kiwe laini, ukipake mafuta ya nazi, king'ae. Kutoboa matundu ya mpini ni kazi ya fundi mwenye keekee, mpelekee.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Msiyachukue maganda yote, na msiache yanayobaki yachomwe. Januari na Februari majani yamekauka, na mabua na maganda ndiyo yanayomfikisha ng'ombe kwenye mvua za Machi. Mwenye ng'ombe anahesabu kila mzigo, kwa hiyo ombeni kabla ya kuchukua. Yale ambayo ng'ombe hayataki yana kazi shambani. Rundo likichomwa, naitrojeni inapotea hewani na moshi wake unaingia vifuani mwa majirani. Kinachosalia ni jivu kidogo tu. Lirundike kwenye shimo pamoja na mavi ya ng'ombe, ulimwagie maji, uligeuze mara kwa mara, nalo litarudi shambani kuwa mbolea. Ninapopita jioni ya Desemba nikaona mioto imetapakaa pembezoni mwa barabara kutoka Matunda hadi hapa, naona vikalio, vikapu na mbolea vikipaa angani.

Mkishaweza kusuka, kuna kitu kimoja ambacho maneno yangu hayafundishi sawasawa, nacho ni kumalizia ukingo wa kapu ili usifumuke. Nendeni Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974, mtazame vikapu vya zamani na jinsi mikono ya watu wa nyanda hizi ilivyofunga kingo zake. Kisha muulizeni mwenye kujua. Mji wetu una bahati ya kuwa na watu wa kila upande: muulize kukhu, muulize gogo, muulize shosho, yaani bibi kwa lugha ya kila upande; kila mmoja alijifunza kusuka kwa namna ya kwao. Msalimie kwanza na ukae chini. Na beba maganda yako ndani ya kitambaa chenye unyevu, kwa sababu atataka kukuonyesha kwa mikono yake, na makavu yatamvunjikia.